Mkono Wangu wa Kushoto

Zai mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Magomeni kumuaga shangazi yako, na begi lako umeliacha wazi katikati ya chumba. Sitaligusa. Masweta nimeyaona, yanatosha. Mambo ya kula kwa wakati, kuvaa soksi na kupiga simu ukifika nimeshayasema mpaka ukaniambia, "Mama, naenda Njombe, siendi mwezini." Kwa hiyo humu hayamo. Nimekaa mezani, feni inazunguka, chini Mtaa wa Mchikichi wanateremsha majora ya vitambaa huku wakigombana na dereva, na mimi naandika mbiombio kwa sababu nikisimama tu nitapata kisingizio cha kutoendelea. Visingizio hivyo nimekuwa nikivipata kwa miaka kumi na minne.

Naogopa, Zai. Utaona mwenyewe kwenye herufi zangu, hazikai kwenye mstari. Siogopi safari yako wala baridi ya huko. Naogopa jambo ninalotakiwa kukwambia, na naogopa zaidi kitakachotokea nisipokwambia. Nivumilie nikizunguka kidogo kabla sijafika.

Nianze na Alhamisi, maana Alhamisi tulikuwa wote.

Tulikuwa Mtaa wa Kongo tukitafuta viatu vya baridi. Watu wamejaa, spika zinapiga kelele kila mlango. Nilikuwa natembea upande wako wa kulia kama siku zote, ili tuweze kuongea. Yule muuza mikanda, yule baba mwenye kipara, alikuja kwa upande wa kushoto. Alikuita mara tatu, mimi nilimsikia. "Dada, mkanda huo! Dada! Dada mrefu!" Wewe hukumsikia. Akakugusa bega.

Sikuuona mkono wako ukiondoka. Niliuona ulipokuwa umeshafika. Mkanda mmoja ulimponyoka yule baba akainama kuudaka, na ngumi yako ikapita juu ya kipara chake ikagonga mlango wa chuma wa duka la jirani. Mtaa mzima uligeuka. Kisha watu wakacheka. "Aisee, dada huyu noma!" Naye mwenyewe akacheka, akajishika kichwa, akasema leo angelala hospitali. Ukamwomba radhi, ukamshika mkono, ukanunua mkanda usiouhitaji. Halafu ukanigeukia macho yanang'aa, ukasema, "Mama, umeona kasi ile? Sikufikiri hata kidogo!"

Nikasema nimeona. Nikasema nimechoka, turudi nyumbani. Ukadhani ni jua.

Hukufikiri hata kidogo. Maneno hayo yamekaa nami tangu siku ile, nala nayo, nalala nayo. Wote waliocheka waliona umemkosa kwa ufundi. Mimi nilikuwa karibu. Hukumkosa wewe, aliinama yeye. Angesimama wima, ungempata hapa, juu ya taya, karibu na sikio.

Sasa nirudi nyuma.

Unajua kwamba nilicheza karate kwa Mwalimu Nassoro, katika ukumbi ule ule uliokulea wewe. Unajua kwamba niliacha. Nilikwambia niliacha kwa ajili ya biashara, kwamba zipu na vifungo havikuniachia nafasi. Hiyo si kweli.

Nilikuja hapa kutoka Lindi nikiwa na miaka kumi na saba, kukaa kwa mama mkubwa, marehemu, aliyekuwa na meza ya vifungo. Nilikuwa mwoga. Mtu akinipita karibu, mabega yananipanda mpaka masikioni. Wiki ya tatu mtu alinivuta pochi kwa nyuma, nikaanguka kifudifudi mbele ya watu, na nilipoinuka nilikuwa nimejikojolea. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Kesho yake nilipanda kwenda ukumbini, ghorofani kule juu ya duka la vitambaa la akina Mama Hansa.

Wewe unamkumbuka Mwalimu akiwa mzee. Wakati ule alikuwa na nywele nyeusi, mchana anatengeneza saa za watu kibandani, jioni anafundisha. Aliniuliza, "Unaogopa nini hasa?"

"Nyuma," nikamwambia. "Kinachokuja kwa nyuma."

Akanifundisha pigo moja tu, lile la kugeuka. Kisigino kinazunguka, nyonga inakifuata, bega linaifuata nyonga, na mgongo wa ngumi unafika mwisho kabisa. "Hilo tu," akasema. "Mia mbili kila siku. Ukilijua nitakupa jingine."

Mimi nikafanya mia tano. Nilikuwa na pupa. Nilifanya kabla ya kufungua meza na baada ya kufunga, nikitazama nguzo niliyoichora duara kwa chaki. Nikishafika mia mbili na kitu bega linachoka, linaanza kupanda, kiwiko kinatoka nje, nami naendelea kwa sababu nataka namba. Mwalimu alikuwa amekwenda kwao Kilwa kuuguza, alikaa miezi minane. Aliporudi alinitazama nikipiga.

"Umefanya ngapi tangu nimeondoka?"

Nikamtajia kwa majivuno.

"Basi mara zote hizo ulikuwa unajifunza kukosea," akasema.

Ilinichukua mwaka na nusu kuliondoa lile bega. Alinirudisha kwenye ishirini, polepole mpaka nikaona aibu, watoto wadogo wanapita wananicheka. Ndipo nilipoelewa kwamba mkono haujui ni lini ulikuwa mchovu na ni lini ulikuwa mzima. Unaweka vyote. Wewe hilo umelijua mapema kuliko mimi. Nimekuona juu ya paa asubuhi, ukifika mahali bega linaanza kudanganya unashusha mikono, unakunywa maji, unaanza tena. Sikukufundisha hivyo mimi. Nilikuwa nasimama kwenye ngazi za paa nakutazama kwa furaha na kwa woga, na furaha ndiyo niliyokuonyesha.

Lakini kulikuwa na kosa jingine, ambalo hata Mwalimu hakuliona. Katika miaka yote ile, kila nilipogeuka, aliyekuwa nyuma yangu kichwani mwangu alikuwa yule mwizi. Kila mara. Sikuwahi hata mara moja kugeuka nikakuta ni jirani, ni mteja, ni mtu tu. Na mkono wa kushoto, kwa kuwa ulikuwa dhaifu, niliuzidishia mara mbili ya kulia.

Nilipoolewa na baba yako na kukuzaa wewe, pigo lile lilikuwa linajipiga lenyewe. Nilijisifia. Nilikuwa namwambia baba yako, "Mimi hakuna wa kunijia kwa nyuma," tunacheka.

Ulikuwa na miaka sita. Wiki ile wezi walikuwa wameingia jengo letu mara mbili, mchana kweupe, na sote tulikuwa roho juu. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, mgongo nimeupa mlango, nachambua zipu kwa rangi. Mlango niliuacha wazi kwa sababu ya joto. Siku ile madrasa iliwatoa mapema. Ulivua ndala zako nje ili nisikusikie. Nalijua hilo kwa sababu nilizikuta baadaye, umezipanga vizuri kabisa, moja kando ya nyingine. Ukaja kwa ncha za vidole, ukanirukia mgongoni, ukaniziba macho kwa mikono yako miwili.

Mwili wangu ulikuwa umeshageuka kabla sijajua kwamba ile ni mikono ya mtoto. Mkono wa kushoto. Lilikuwa pigo safi, Zai. Bega halikupanda. Ukumbini sikuwahi kulipiga safi namna ile.

Lilikupata sikioni.

Hukuanguka kwenye ngazi, mwanangu. Hujawahi kuanguka kwenye ngazi zile. Sikio lako la kushoto nililiua mimi.

Nimeinuka nikaenda dirishani, nimerudi. Nataka niandike na yaliyofuata, nisije nikajificha nyuma ya sentensi moja.

Ulilala pale kwenye zipu, umenyamaza, damu kidogo inatoka sikioni. Nilikubeba nikashuka nawe mbio. Mama Hansa, jirani yetu wa chini, alikuwa anafunga gari lake mlangoni, akakuona, akalifungua tena palepale.

"Imekuwaje, Mama Zai?"

Tulikuwa tumesimama chini ya ngazi. Ngazi ndizo zilizokuwa mbele ya macho yangu.

"Ameanguka ngazini."

Lilitoka jepesi hivyo. Mama Hansa akaendesha mpaka hospitali mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye honi, analia yeye mimi silii. Kule nikamwambia nesi, ameanguka ngazini. Nikamwambia daktari. Nikamwambia baba yako alipofika kutoka bandarini na fulana yake ya kazi ile ya kung'aa, anahema. Kila nilipolirudia lilizidi kulainika mdomoni, mpaka likawa linatoka kabla sijaulizwa. Ulipozinduka siku ya pili ukasema, "Mama, sikumbuki." Nami nikakupa cha kukumbuka. Nikakwambia uliteleza.

Tangu hapo ukishuka ngazi unashika ukuta. Una miaka ishirini, unapiga teke juu ya kichwa cha mtu mzima, na unashuka ngazi za nyumbani kwako kama bibi kizee, kwa sababu ya kuanguka ambako hakukutokea. Mara ngapi nimekuona nikatazama pembeni.

Na baba yako. Taa ya ngazi ilikuwa imeungua wiki mbili, naye alikuwa ameahidi kuibadilisha, kazi zikamzidi. Alijilaumu hadharani na kwa siri. Alinunua mabomba, akaja na fundi wa kuchomelea, wakaweka kile kishikio kinachotoka chini mpaka kwetu. Jumapili nzima alifanya kazi ile bila kula. Mimi ndiye niliyemshikia mabomba.

Daktari alisema sikio hilo halitarudi. Nilikwenda kwa Mwalimu kurudisha nguo zangu za karate, nimezifua na kuzipiga pasi. Akaniuliza kulikoni, na kwa kuwa hakuwa na haraka na mimi, nikamwambia. Yeye peke yake.

"Nilikufundisha kupiga," akasema. "Sikukufundisha kuangalia. Hilo tutalibeba wote." Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa maneno ingawa nilikuwa naliishi. "Mkono ule hautaacha kwa sababu umeacha kuja hapa. Mtoto akikujia tena kwa nyuma utafanyaje?"

Nilikuwa nimeanza kukuogopa, Zai. Sijui kama unakumbuka. Nilikuwa nakaa mgongo ukutani. Nilikuwa nakukataza kuja jikoni nikiwa napika. Ukikimbia kwenye korido mimi nainuka nikutazame. Siku moja ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, umenikasirikia?"

Mwalimu hakunipa maneno ya kunifariji. Alinipa zoezi. Aniguse bega, nigeuke macho yatangulie, vidole viwe wazi, nimtaje kwa jina yule niliyemwona. Nimtaje kwa sauti. "Nassoro." Tena. "Nassoro." Mara nyingi kama nilivyopiga, alisema, au zaidi. Mwezi wa kwanza ngumi ilikuwa inajikunja yenyewe kabla ya macho kufika, nikawa naukalia mkono wa kushoto. Nilimpiga Mwalimu mara mbili. Alijipangusa akasema tuendelee.

Halafu nikaanza na wewe. Ule mchezo wetu wa "Nani huyo?" Unanyata, unanigusa mgongoni, nageuka mikono wazi nasema "Zai!" nawe unaanguka kwa kicheko. "Tena, Mama! Tena!" Mara thelathini kabla ya chakula, kila siku, kwa miaka miwili na zaidi. Wewe ulikuwa unacheza. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na mwanzoni kila uliponyata nyuma yangu nilikuwa namwomba Mungu ufike salama. Siku niliyogundua kwamba nimegeuka bila kuogopa hata sijui ilikuwa siku gani. Nilikuta tu nimeshakukumbatia.

Ulipofika miaka kumi na mmoja ukataka karate. Watoto shuleni walikuwa wanakujia kwa kushoto kusudi, wanakusukuma, wanakuita kiziwi. Nilikataa. Ulilia siku tatu, ukaninunia wiki nzima, baba yako akaniuliza kwa nini mimi niliyecheza namnyima mtoto. Nikaenda kwa Mwalimu.

"Mlete," akasema. "Lakini siku moja utamwambia."

"Siku gani?"

"Siku utakayoona mkono wake umekuwa kama wako."

Amefariki hajaiona. Mimi nimeiona Alhamisi, Mtaa wa Kongo.

Sasa unaelewa kwa nini naogopa. Kesho unakwenda kukaa na watoto wa miaka saba, minane, katika shule ya bweni, mwalimu wao wa michezo na karate. Watakupenda. Nakujua, watakung'ang'ania. Watoto wa bweni wamekosa mama zao, watakukimbilia kwenye korido, watakurukia mgongoni. Na hawajui kuhusu sikio lako kwa sababu hujamwambia mtu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako ulipokuwa unajaza ile fomu. Palipoulizwa una tatizo lolote la kiafya, uliandika hapana. Nilielewa kwa nini. Uliogopa wasikuchukue. Mimi nami niliogopa nikidai uandike, utauliza maswali. Tukanyamaza wote wawili, kila mtu na lake.

Ijumaa nilimwambia baba yako. Ulikuwa ukumbini unawaaga wenzako. Alikuwa anakula. Nilisema yote kama nilivyoyaandika hapa, ila kwa kigugumizi. Tonge lilibaki mkononi mwake mpaka likapoa.

"Miaka kumi na minne," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nimeomba msamaha kwa mtoto yule. Unajua? Alipokuwa darasa la pili. Nilipiga magoti nikamwambia, nisamehe mwanangu, ni taa yangu ile. Akaniambia, si neno baba."

Sikujua. Hamkuwahi kuniambia, wewe wala yeye. Nilitaka kumshika mkono, akauondoa, si kwa hasira. Aliuondoa tu. Akanawa, akavaa viatu. Mlangoni akasema, "Mwambie kabla hajapanda basi. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na sitaki kumwambia mimi." Tangu siku hiyo anazungumza nami ya lazima. Kama umeona baba yako amekuwa kimya ukadhani ni huzuni ya kukuaga, si hiyo peke yake.

Sijui atanisamehe lini. Sijui kama wewe utanisamehe. Siandiki ili unisamehe, na nikikuta nimeandika sentensi ya kukubembeleza nitaifuta. Moja nimeshaifuta hapo juu.

Ninachokuomba ni kidogo, na una haki ya kukikataa kwa kuwa kinatoka kwangu. Usiache kurudia. Kama ningekuwa na busara pungufu kidogo ningekuambia utupe karate, na nilikaribia kusema hivyo Alhamisi jioni. Lakini nimekuona ukiwa mtoto unapita kwenye ukuta ukiogopa kila kivuli cha kushoto, na nimekuona sasa unatembea katikati ya njia. Kurudia ndiko kulikokupa hilo. Kwa hiyo pale unapofanya mapigo yako elfu ya asubuhi, tafuta mwalimu mwenzako, mtu mzima, akuguse bega la kushoto. Geuka uangalie. Vidole wazi. Mtaje jina. Itakuudhi, utaiona ya kitoto, utahisi kasi yako inapungua. Itapungua kweli kwa muda. Yangu ilipungua. Fanya polepole, acha ukichoka, maana na hili likifanywa kwa uchovu litakaa vibaya vilevile. Usiwape watoto wakufanyie zoezi hilo. Mimi nililifanya na wewe, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ujasiri au wendawazimu.

Na mwambie mkuu wa shule kuhusu sikio, siku ya kwanza, kabla hujavua koti. Waambie watoto wenyewe. Waambie, "Mimi huku sisikii, njooni mbele, mniite nikiwaona." Watoto wanaelewa mambo haya haraka kuliko sisi. Wakikuuliza imekuwaje, jibu utalichagua wewe. Mimi nilikuchagulia moja ukiwa na miaka sita, sina haki ya kukuchagulia jingine.

Nakumbuka jambo moja zaidi na sijui kama lina maana. Wiki ile baada ya hospitali, bado una bandeji, ulikuwa umelala upande wa kulia, yaani sikio zima limezibwa na mto. Nilikaa kitandani nikakwambia kweli yote kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, nikijua husikii. Nilitoka pale nimepata nafuu, nikajidanganya kwamba nimeshasema. Ulikuwa uoga ule ule niliokuja nao kutoka Lindi, haukuwa umekwenda popote. Nilijifunza kuwageukia wezi, nikashindwa kukugeukia wewe.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye begi lako, katikati ya masweta, uikute huko mbali ambako huwezi kuniuliza kitu. Nimebadili mawazo. Ingekuwa ni kusema tena upande ambao hunisikii. Nitakupa mkononi ukirudi, usome hapa hapa mezani na mimi nimekaa mbele yako. Ukitaka kuniuliza, uliza, nitajibu hata usiku kucha. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wasikie, wamesikia uongo vya kutosha. Ukitaka kwenda kulala kwa shangazi yako, nenda. Nimeshamwambia baba yako akuchukue huko alfajiri akupeleke stendi, na mimi nitabaki nyumbani nisikuharibie safari.

Sauti yako hiyo chini. Unamwamkia Mama Hansa, naye anakushikilia na maneno yake kama kawaida, anakuuliza huko Njombe chai inalimwa vipi. Nina dakika mbili, labda tatu. Nataka kuichana hii karatasi, Zai, nakuambia ukweli, vidole vimeshaishika pembeni.

Sitaichana. Naweka kalamu, naenda kukufungulia mlango.

Mama yako,
Zuhura